Historia ya Mshale wa Kani

Wavuvi wawili wakifunga kamba mbili kwenye omo la ngalawa, mmoja akaivuta kuelekea kaskazini kwa kani ya nyutoni 400, na mwenzake kuelekea mashariki kwa kani ya nyutoni 300, ngalawa ile haivutwi kwa nyutoni 700 bali kwa 500, tena kwa njia ipitayo kati ya kamba hizo, ikiegemea zaidi upande wa yule mwenye nguvu. Mwanafunzi wa sekondari huyapata majibu haya kwa kuchora mishale miwili, kila mmoja urefu wake ukiwa ni kadiri ya kani na ncha yake ikielekea kani inakoelekea, kisha akakamilisha msambamba na kuupima mstari wa mshazari. Hesabu huisha kwa dakika chache, na aghalabu mwanafunzi hulifunga daftari akidhani kwamba mshale ule ni pambo la ubaoni tu, ilhali ndani yake mna dai zito juu ya maumbile ya ulimwengu, na mna kazi ya wataalamu iliyodumu karne tatu.

Wayunani wa kale walikwisha kutambua kwamba kitu chenye mwendo wa namna mbili kwa wakati mmoja hupita katika mshazari wa umbo la pande nne. Lakini mwendo huonekana kwa macho, na kani hujulikana kwa athari zake tu. Aliyelifungua fundo hilo ni Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges mwaka 1548, ambaye mwaka 1586 alichapisha mjini Leiden kitabu cha elimu ya mizani, akakiandika kwa Kiholanzi, lugha ya watu wake, wakati ambapo wanazuoni wa Ulaya waliandika kwa Kilatini. Humo alichora pembetatu yenye miteremko miwili, mmoja urefu wake ukiwa mara mbili ya mwenziwe, akaizungushia mkufu wa tufe 14 zilizo sawa kwa uzani na kwa nafasi, zikawa tufe nne zimelala juu ya mteremko mrefu, mbili juu ya ule mfupi, na nane zikining'inia chini. Lau zile nne zingezishinda zile mbili, mkufu ungeanza kwenda. Lakini kila tufe ikiondoka nyingine ingeshika mahali pake, hali ikawa ni ile ile, na mkufu ungezunguka daima dawamu pasipo kusukumwa na yeyote, jambo ambalo ni muhali. Basi nne na mbili zimesawazika. Kutokana na hoja hiyo Stevin aliipata kanuni ya mteremko, kisha akaendelea hadi kwenye mzigo uliotundikwa kwa kamba mbili zilizoinama, akaonyesha kwamba kani tatu zinazosawazika hupimwa kwa pande tatu za pembetatu.

Mwaka 1687 kanuni ya msambamba ilitokeza kwa watu watatu mbalimbali: Isaac Newton huko Uingereza, aliyeiweka mara tu baada ya sheria zake tatu za mwendo, na Pierre Varignon na Bernard Lamy huko Ufaransa. Varignon ndiye aliyeifanya kuwa msingi wa elimu yote ya msawazo, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1725, baada ya kufariki kwake. Mwaka uliofuata Daniel Bernoulli alijaribu kuithibitisha kwa burhani ya jiometri tupu, pasipo kutegemea mwendo wala majaribio, na wengine wengi wakaishika njia hiyo baada yake. Juhudi zao zatufunza kwamba kanuni hii haikuwa dhahiri hata kwa mabingwa. Kwani inadai kwamba kila kani hutenda kazi yake kamili kana kwamba mwenzake hayupo, na hilo ni jambo ambalo maumbile yangeweza kulikataa.

Hata hivyo mistari ya Newton na Varignon ilikuwa ya kuchorwa, wala haikuwa na hesabu yake yenyewe ya herufi. Tarehe 16 Oktoba 1843, William Rowan Hamilton, akitembea na mkewe kando ya mfereji mjini Dublin, aliipata aljebra ya namba zenye sehemu nne, na baadaye akaiita vekta ile sehemu yenye mwelekeo, na skala ile isiyo nao. Mwaka uliofuata Hermann Grassmann, mwalimu wa shule mjini Stettin, alichapisha nadharia yenye fikra hizo kwa upana mkubwa zaidi, lakini wasomaji hawakutokea, na mwaka 1864 nakala zipatazo 600 zikageuzwa karatasi za taka.

Wahandisi hawakungoja aljebra. Mwaka 1866 Karl Culmann, mwalimu wa Zürich, alitoa kitabu cha kuzitafuta kani za madaraja na mapaa kwa kuchora tu, na mwanafunzi wake Maurice Koechlin alikuwa miongoni mwa waliousanifu mnara wa Eiffel, uliofunguliwa Paris mwaka 1889 ukiwa na kimo cha mita 300.

Hesabu wanayojifunza wanafunzi wetu yatoka kwa watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi peke yake: Josiah Willard Gibbs wa Chuo cha Yale, aliyewapigia chapa wanafunzi wake kijitabu katika miaka ya 1881 na 1884, na Oliver Heaviside wa Uingereza, mtumishi wa telegrafu aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujielimisha mwenyewe. Wote wawili waliitenga vekta na namba za Hamilton, wakaipa njia mbili za kuzidishwa: moja huzaa namba tupu, kama tutafutapo kazi iliyofanywa na kani, ya pili huzaa vekta nyingine, kama tutafutapo nguvu ya kani katika kuzungusha kitu. Peter Guthrie Tait, mfuasi mkuu wa Hamilton, aliwapinga kwa ukali, na mjadala ukaendelea kwa miaka katika gazeti la Nature. Mwaka 1901 Edwin Bidwell Wilson aliyapanga mafunzo ya Gibbs katika kitabu kimoja, na kwa kitabu hicho njia yao ikaenea vyuoni.

Nasaha yangu kwa walimu ni kwamba msambamba usitolewe kwa wanafunzi kama amri. Na wapewe mizani tatu za springi, pete moja na karatasi juu ya ubao. Wavute hadi pete itulie, wafuatishe kamba kwa penseli, wachore mishale kwa kipimo, na waone wenyewe kama pembetatu inafunga. Itafunga kwa tofauti ndogo tu ya mkono na kifaa, na hapo watakuwa wameisadiki kanuni hii kwa ushahidi, si kwa heshima ya mwalimu.