Kasumba

Neno kasumba, ambalo siku hizi aghalabu hutajwa kwa fikra za kikoloni zilizomwingia mtu naye asizitambue, asili yake ni jina la afyuni, nalo lina ndugu yake ng'ambo ya bahari yetu katika Kigujarati, ambamo kasumbo ni kinywaji cha afyuni hiyo hiyo. Maana hiyo kongwe tumeiacha mapema mno, kwani afyuni yenyewe bado ina la kutufunza.

Mwaka 1870 tabibu Mwingereza, Clifford Allbutt, baada ya kuwatazama wagonjwa waliodungwa mofini, ambayo ni zao la afyuni, siku baada ya siku, aliandika kwa hofu kwamba huenda dawa waliyopewa iwaondolee maumivu ndiyo iliyokuwa ikiyalea; na elimu ya leo inakiri kuwa hali hiyo ipo, kwa sababu mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, vikikaa na dawa hiyo muda mrefu, huweza kuwa vyepesi mno vya kuhisi, hata mguso mdogo ukauma, na maumivu yakaenea mahali pasipo jeraha. Hili ni baidi na mwili kuizoea dawa tu, ambapo kipimo kikiongezwa mtu hupata nafuu. Hapa kuongeza ni kuchochea.

Basi, msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii, usimdhanie mwongo anapolia, wala usimwachishe dawa ghafula, kwani wako wanaoihitaji kwa haki, hasa wenye saratani. Mpeleke kwa tabibu, apunguze kipimo taratibu au aibadili.