Mgongo usiouma: kutoka Paris 1868 hadi maduara ya Geita

Wadau, leo nawaletea historia ya mifupa inayosagika bila mwenyewe kusikia maumivu ya maana.

Mwaka 1868 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alieleza habari za wagonjwa ambao viungo vyao viliharibika vibaya huku wao wakitembea tu. Chanzo kikubwa enzi zile kilikuwa kaswende ya miaka mingi iliyokula neva. Maumivu ni mlinzi, bwana. Ukiteguka, unachechemea hadi upone. Neva zikifa mlinzi kalala, unazidi kukitumia kiungo kilichoumia mpaka kinasagika. Hata pingili za mgongo hupatwa na hali hiyo.

Charcot hakuwa na eksirei, maana Röntgen aliigundua 1895. Baadaye penisilini ikaipunguza kaswende ya aina ile. Siku hizi ugonjwa huu mgongoni huwapata zaidi watu waliopooza baada ya kuumia uti wa mgongo, na wengine wenye kisukari.

Sasa njooni kwetu, Shinyanga na Geita, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Oktoba 2015 shimo la Nyangalata, Kahama, lilititia, na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilishangilia. Lakini mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi akapooza, hadithi yake haiishii siku ya kutolewa. Miaka kadhaa baadaye anaweza kuanza kupinda akikaa, au mgongo ukawa unalia akigeuka.

Akipigwa picha, kosa liko jirani. Pingili zilizolika zinafanana na kifua kikuu cha mgongo, na vumbi la mwamba huwaongezea wachimbaji hatari ya kifua kikuu. Tofauti ipo: TB kwa kawaida huanzia mbele ya pingili, wakati ugonjwa wa Charcot huvuruga hadi viungo vidogo vya nyuma, huacha vipande vya mifupa, na siti skani mara nyingi huonyesha hewa ndani ya diski. Wakati mwingine inabidi kipande kipimwe maabara. Ukikosea, mtu anameza dawa za TB miezi kibao na mgongo unazidi kubomoka.

Kwa hiyo nyie wa udaktari, kabla ya kuinua filamu kwenye mwanga, mwulizeni mzee: uliwahi kuangukiwa na shimo? Picha haisemi hilo.

Haya, usiku mwema. Kesho kuna testi.