Kufupisha, Kurefusha, Kuhamisha: Maneno Matatu ya Patisheni

Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10 ambalo kompyuta nyingi zilishindwa kulisakinisha. Sababu ilikuwa ndogo kwa maana halisi: patisheni ya uokoaji haikuwa na nafasi ya kutosha. Watumiaji wakaelekezwa waiongeze megabaiti 250. Lakini ukizifuata hatua zenyewe, hukuti mahali popote patisheni hiyo inapokua. Unaifupisha ya Windows iliyo jirani, unaifuta ile ya uokoaji, kisha unaunda nyingine yenye nafasi zaidi. Kazi hiyo yote ikaitwa "kubadili ukubwa", na nadhani jina hilo linawaponza watu.

Sina ugomvi na neno "patisheni". Mafundi wamelizoea, wateja wanalielewa, na "sehemu" tunayoliwekea badala yake vitabuni ni pana mno, kwa kuwa diski ina sehemu nyingi ambazo si patisheni. Shida iko kwenye kitenzi, na ili kukipata kitenzi sahihi inabidi tujue patisheni ni kitu gani hasa.

Ndani ya diski hakuna ukuta. Kuna jedwali fupi tu mwanzoni mwake. Katika mpangilio wa zamani, MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali hilo lina baiti 64: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mpangilio wa sasa, GPT, kwa kawaida huwa na nafasi ya mistari 128, na nakala yake huwekwa mwishoni mwa diski. Ama huu ama ule, mstari husema mambo mawili ya msingi: patisheni inaanzia sekta gani, na inafika wapi. Juu ya eneo hilo ndipo unapokaa mfumo wa faili, NTFS kwa Windows na mara nyingi ext4 kwa Linux, nao una hesabu yake wenyewe ya nafasi iliyopo. Ni kama hati ya kiwanja na nyumba iliyojengwa juu yake: ukiuchora mpaka upya kwenye hati, nyumba haisogei.

Kwa hiyo kila badiliko ni kazi mbili, na mpangilio wake hauna mjadala. Ukifupisha, mfumo wa faili unatangulia kujikunja, ndipo mpaka urudishwe nyuma. Ukirefusha, mpaka unatangulia, mfumo wa faili unafuata. Anayefupisha kwa kuanza na mpaka huziacha faili za mwishoni nje ya patisheni, na Windows au Linux ikiwashwa inakuta hesabu haziafikiani. Programu nzuri kama GParted hufanya kazi zote mbili kwa mpangilio huo bila kukuuliza, na labda ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba ni mbili.

Tuchukue kompyuta yenye Windows na Linux kwenye diski moja. Windows ina nafasi tele, Linux imejaa, na mwenyewe anataka gigabaiti 60 zihame. Kufupisha NTFS ni vyema kufanywe ndani ya Windows yenyewe. Hapo wengi hushangaa: diski ya C ina nafasi tupu ya gigabaiti 200, lakini Windows inakubali kutoa chache tu. Si hitilafu. Faili la kumbukumbu pepe, faili la usingizi mzito na nakala za kurejesha mfumo haziwezi kusogezwa wakati Windows inafanya kazi, na moja tu likikaa karibu na mwisho wa patisheni, ufupishaji unakomea hapo. Vizime kwa muda, washa kompyuta upya, ujaribu tena. Zima pia uwashaji wa haraka uliokuja na Windows 8, maana huiacha Windows ikiwa nusu usingizini kila unapodhani umeizima, na NTFS iliyo katika hali hiyo haifai kuguswa na Linux. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wa uokoaji, ule wa tarakimu 48, na uuweke nje ya kompyuta hiyo.

Sasa gigabaiti 60 ziko huru, lakini ziko upande wa kushoto wa Linux, na katikati huenda imekaa patisheni ya uokoaji. Kurefusha kuelekea kulia ni kazi ya muda mfupi, kwa sababu mwanzo haubadiliki. Kuelekea kushoto ni kuhamisha: data yote hunakiliwa hadi mwanzo mpya, na patisheni ya ext4 lazima iwe haitumiki, kwa hiyo unawasha kompyuta kwa flashi. Kazi inaweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, patisheni inabaki nusu huku nusu kule. Nakala ya faili kwenye diski ya nje na betri iliyojaa si mapambo hapa.

Ndiyo maana nataka vitenzi vitatu. Patisheni ina mwanzo na urefu, basi hufupishwa, hurefushwa au huhamishwa, na kila kimoja kina hatari yake. Mwongozo unaosema "badili ukubwa" humfanya msomaji aamini kwamba kuburuta ukingo wa kulia na kuburuta wa kushoto ni jambo moja. Ukiandika "hamisha", fundi anajua hapo hapo kwamba atanakili data na atahitaji muda.

Na mara nyingi neno hilo likiandikwa wazi, mtu anaona kwamba halihitajiki. Gigabaiti 60 zile zinaweza kubaki pale pale, zikaundiwa patisheni mpya ya ext4, na folda za mtumiaji zikapelekwa huko. Linux inapata nafasi, na mwanzo wa patisheni yake haujaguswa.