JIKO LA GESI: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAWASHA KIBERITI

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuingie jikoni.

Jiko la gesi sasa hivi limeingia kila kona, kuanzia Masaki mpaka Mbagala, na huko vijijini REA wamekuwa wakipeleka mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi naunga mkono, moshi wa kuni na mkaa umewatesa mama zetu vya kutosha. Shida ni moja tu: mtungi unafika nyumbani, maelezo yanabaki dukani. Jamaa wa bodaboda anafunga, anawasha uone kwamba linawaka, anachukua hela yake, huyoo kaondoka.

Basi nimekaa na mafundi wawili wa majiko huku Temeke, nikawauliza maswali mpaka wakachoka. Haya hapa chini ndio niliyoyapata, pamoja na ninayoyajua. Soma yote, halafu msomee na dada wa kazi na watoto wakubwa, maana wao ndio wanaopika.

1. GESI YENYEWE NI NINI?

Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imegandamizwa mpaka ikawa kimiminika, ndio maana ukitikisa unasikia kitu kama maji. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje inakuwa kama lita 250 za gesi! Kwa hiyo kale kamtungi ka kilo 6 kamebeba zaidi ya lita 2,500 za gesi.

Mambo mawili ya kushika hapa:

- Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka chini na kutambaa sakafuni kama maji, inaingia chini ya kitanda, uvunguni mwa kabati, mpaka chumba cha pili. (Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, ile ya bomba ambayo nyumba chache zimeunganishiwa, ni tofauti. Yenyewe ni nyepesi, inapanda juu.)
- Kwa asili haina harufu. Ile harufu ya yai bovu au kabichi iliyooza wanaiweka makusudi ili ushtuke. Kwa hiyo ukiisikia, usitafute panya aliyekufa. Ni gesi.

2. KINACHOLIPUKA NI NINI HASA?

Watu wengi wanaogopa mtungi. Wanauweka mbali, wanaufunika na kitambaa, halafu mpira umechanika hawana habari. Mtungi ni chuma kinene. Unaweza kupasuka ukikaa ndani ya moto mkali, lakini majumbani chanzo kikubwa cha balaa ni gesi iliyovuja ikajikusanya chini ikisubiri cheche. Na inavuja kwenye vitu vya bei ndogo: mpira, klipu, regulata, na kile kimpira cha duara kinachokaa kwenye mdomo wa mtungi.

Tupige hesabu. Gesi hii inaanza kuweza kulipuka ikifika kama asilimia 2 ya hewa iliyomo chumbani. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, urefu wa mita 3, kina lita 27,000 za hewa. Asilimia 2 yake ni lita 540, yaani gesi ya kilo moja na kitu. Na kwa kuwa inakaa chini haisambai chumba kizima, hata pungufu ya hapo inatosha kuunguza mtu aliyelala sakafuni.

Mtaani kwetu kuna mama anakaanga maandazi ya kuuza. Siku moja aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida yake, akawasha taa ya umeme. Usiku kucha gesi ilikuwa inavuja taratibu pale mpira unapoingia kwenye jiko, klipu imelegea. Ile taa ndio ikawa kiberiti. Aliungua mikono na shingo, na mwanae wa miaka 4 aliyekuwa kwenye godoro chini akaungua miguu yote miwili. Tulipoingia kuwatoa, mtungi ulikuwa umesimama palepale, mzima, hata rangi haijababuka. Baadaye alisema harufu aliisikia tangu jioni, akadhani ni takataka za jirani. Klipu mpya hata hela ya kilo ya unga haifiki.

3. UKINUNUA AU KUBADILISHA MTUNGI

- Angalia lakiri ya plastiki kwenye koki, iwe nzima.
- Pima. Kwenye mtungi kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ukipima mtungi wenye gesi ukatoa ule uzito mtupu, kinachobaki ndio gesi yako. EWURA wamekuwa wakisisitiza muuzaji awe na mizani, kwa hiyo usione aibu kudai.
- Chungulia mdomo wa koki kama kimpira cha duara kipo na hakijakatika.
- Kataa mtungi wenye kutu iliyokula chuma au uliobonyea vibaya.
- Usinunue gesi ya kuhamishwa vichochoroni kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Aliyejaza hajui amejaza kiasi gani, na mtungi lazima ubaki na nafasi juu ili kimiminika kikipata joto kipate pa kutanukia. Majirani zetu Kenya wanajua uchungu wake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, watu wakafariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya kule ikasema ilishakataa maombi ya kibali cha eneo lile.
- Ukiletewa na bodaboda umelazwa, usimamishe kwanza utulie ndipo ufunge.

4. KUFUNGA

Mtungi unasimama wima SIKU ZOTE, kwenye sakafu tambarare. Ukiulaza, badala ya gesi kinatoka kimiminika, na moto wake utaukimbia. Ile tabia ya kuulaza, kuutikisa au kuumwagia maji ya moto ili "iishie yote" iacheni jamani.

Regulata ndio inayopunguza msukumo wa gesi kabla haijafika jikoni. Valvu za kampuni sio zote zinafanana, kwa hiyo ukibadilisha kampuni hakikisha regulata inaingia yenyewe bila kulazimishwa. Usikaze kwa nyundo wala kufungia kamba.

Mpira uwe wa gesi, sio wa maji wala ule wa kuona ndani. Usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, na kila ncha iwe na klipu ya chuma. Mipira mingi imepigwa tarehe. Mafundi wanashauri usivuke miaka 5, na kabla ya hapo ukiukunja ukaona nyufa, toa. Kumbuka na panya, wanapenda kuutafuna. Kuziba kwa sabuni ya kipande, bablishi au raba ya tyubu ya baiskeli ni kujichimbia kaburi.

Kipimo cha kuvuja ni povu la sabuni tu. Funga nobu zote za jiko, fungua koki ya mtungi, halafu paka povu kwenye koki, regulata, mpira mzima na pale unapoingia kwenye jiko. Mapovu yakivimba, panavuja. Fanya hivi kila ukibadilisha mtungi, dakika mbili tu. Kupima kwa kiberiti ni MARUFUKU.

Wale wa kilo 6 wenye jiko linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi: angalieni sana uzito wa sufuria. Sufuria kubwa ya maharage pale juu inaweza kupindua kila kitu. Tumia kile kistendi cha chuma, na uweke mbali na mapito ya watoto.

Unaoishi chumba kimoja, pikia karibu na mlango au dirisha, acha wazi. Kitanda, pazia, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali na mtungi.

5. KUWASHA NA KUZIMA

Kanuni ni: KIBERITI KWANZA, GESI BAADAYE. Washa njiti, isogeze, ndipo ufungue nobu. Ukifungua gesi kwanza halafu ukaanza kutafuta kiberiti, unajitengenezea bomu dogo la usoni.

Kama jiko linajiwasha lenyewe na limegoma, usiendelee kubonyeza tu huku gesi inatoka. Funga, subiri dakika chache gesi itawanyike, jaribu tena.

Majiko makubwa yenye oveni: FUNGUA MLANGO WA OVENI kabla ya kuwasha, kwa sababu gesi ikijaa mle ndani halafu ukawasha, mlango unakuja na wewe. Nyingi zina kifaa cha usalama kinachokata gesi moto ukizimika wenyewe, ndio maana inabidi ushikilie nobu kama sekunde 10 hadi 15 ndipo uachie. Ukiachia mapema ikazima, sio mbovu, haijapata joto.

Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi au regulata kwanza, acha moto umalizie gesi iliyobaki kwenye mpira, ukizimika funga na nobu. Usilale wala kusafiri koki ikiwa wazi.

6. SOMA RANGI YA MOTO

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia. Moto wa njano au mwekundu unaopaka masizi kwenye sufuria unamaanisha gesi haiungui vizuri. Aidha tundu zimeziba au hewa haitoshi. Hapo inatoka kaboni monoksaidi, sumu ambayo haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unasikia usingizi, na wengine hawaamki. Wadau wa Njombe, Makete na Mbeya, mwezi wa sita na wa saba baridi inapobana, tafadhali msiwashe jiko la gesi wala la mkaa kwa ajili ya kuota moto chumbani na kulala nalo.

7. USAFI

- Kila siku: jiko likishapoa, futa mafuta na mchuzi uliomwagika. Mafuta yaliyoganda nayo yanawaka.
- Kila wiki: vua vile vichwa ambapo moto unatokea, osha kwa sabuni, sugua tundu kwa mswaki mkuukuu, kausha KABISA ndipo urudishe. Kichwa chenye maji hakiwaki vizuri. Hakikisha kimekaa sawa kwenye nafasi yake.
- Uji na maharage yakifurika ndio adui mkubwa wa tundu, ukiona moto umekatika upande mmoja jua ni hivyo. Buibui na mende nao wanaingia kwenye mrija wa chini, hasa jiko likikaa bila kutumika.
- Nozeli (kale katundu kadogo kanakotoa gesi) usikachokonoe kwa waya au msumari. Kakipanuka, gesi inatoka nyingi na moto unakuwa wa njano. Hiyo muachie fundi.
- Nobu zikiwa ngumu usipake mafuta ya kula. Ita fundi pia.

8. UKISIKIA HARUFU

Fuata mpangilio huu, na ujifunze kwa kichwa:

1) Usiwashe wala USIZIME kitu chochote cha umeme. Taa ikiwa inawaka, iache iwake. Kuzima nako kunatoa cheche. Simu usiiguse humo ndani.
2) Zima moto wowote ulio wazi, kama kibatari au mshumaa.
3) Funga koki ya mtungi.
4) Fungua milango na madirisha yote, toa watoto na wazee nje.
5) Kama mtungi bado unavuja na unaweza kuubeba, utoe nje ukiwa wima, mbali na moto na mitaro.
6) Ukiwa nje mbali ndipo upige simu: Zimamoto 114, bure. Usirudi mpaka harufu iishe kabisa.

9. MOTO UKISHAWAKA

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko au kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa, uache mpaka ipoe. MAJI USIMWAGE, mafuta yataruka na moto wake.

Moto ukitokea kwenye regulata na unaweza kuifikia koki, zungushia mkono kitambaa kilicholowa, funga. Gesi ikikatika moto unakufa. Huwezi kuifikia? Toa watu wote, piga 114, kaa mbali. Mtungi ulio ndani ya moto usiusogelee.

Kwa kifupi: mtungi wima, mpira na klipu vizima, povu la sabuni kila ukibadilisha, kiberiti kwanza, koki ifungwe usiku. Leo jioni kabla ya kupika, kunja mpira wako uone kama una nyufa na shika klipu zote mbili uone kama zimekaza. Mwenye nyongeza, au fundi mwenye masahihisho, maoni yapo hapa chini. Uwanja ni wenu wadau.