UMEME WA HALE HAUJI KAMA MAJI

Leo twazungumza habari za umeme wa kwetu Tanga. Maporomoko ya mto Pangani yalianza kutoa umeme katika miaka ya 1930. Kisha mwaka 1964 kikafunguliwa kituo cha Hale, chenye nguvu ya kilowati 21,000.

Wako wasemao kuwa umeme hutiririka wayani kama maji bombani, na ukizima taa waya hubaki mkavu. Sivyo. Chembe za umeme zimo wayani siku zote. Hazisafiri kutoka Hale hata kwako. Hutikisika papo hapo, mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde. Mmepata kuwaona wapasua mbao wa Usambara, mmoja juu, mmoja chini? Wa juu akivuta, wa chini huona meno yanakwenda mara ile ile. Msumeno hauhami, lakini gogo lapasuka.

Ukizima taa, msumeno umesimama tu. Mvutaji bado ameushika. Waya ulioangushwa na upepo huenda usiwake wala usilie, nao waweza kuua. Kunguru hutua juu ya waya mmoja akaruka salama, maana hagusi kitu kingine. Wewe umesimama ardhini, na mwili wako ndio unaoufungulia umeme njia.