Mbwa wa nyumbani na afya ya mtoto wako

Katika kaya nyingi za mkoa wa Tabora, mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa nyumba. Hubweka fisi anaposogelea zizi la mbuzi. Hufukuza ngedere shambani mahindi yanapokomaa. Hufuatana na mtoto anayekwenda kuchunga. Makala hii inamweleza mama na mlezi namna ya kuishi na mlinzi huyu bila kuhatarisha maisha ya watoto, na nini cha kufanya mara moja mtoto anapong'atwa.

Rafiki wa siku nyingi

Mbwa ni mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu, na wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 14,000. Hata katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, alikuwapo. Henry Morton Stanley alipoanza safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuwa na mbwa aliyeitwa Omar, aliyetoka naye India, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mahema. Omar alikufa njiani kabla ya msafara kufika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo.

Kazi ya Omar ndiyo tunayompa mbwa wetu hadi sasa. Naye anatudai chakula, maji safi, kivuli na chanjo. Mbwa mwenye njaa huzurura majalalani na kupigana na mbwa asiowajua, na huko ndiko anakoweza kupata ugonjwa na kuuleta nyumbani.

Kichaa cha mbwa ni nini?

Ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kushambulia ubongo. Duniani, karibu wagonjwa wote, 99 kati ya 100, huupata kutoka kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kila mwaka, vingi barani Asia na Afrika. Karibu watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15.

Virusi huingia kwa meno, kwa makucha yenye mate, au mbwa anapolamba kidonda, jicho au mdomo wa mtoto. Kumgusa mbwa au kulambwa kwenye ngozi isiyo na mchubuko hakuambukizi.

Dalili kwa binadamu huchukua muda kutokea, mara nyingi miezi 2 hadi 3, lakini zinaweza kuwahi au kuchelewa zaidi. Huanza kwa homa na kuwashwa au ganzi mahali palipong'atwa, kisha mgonjwa huweweseka, hushindwa kumeza na huogopa maji. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika. Ndiyo maana hatusubiri.

Mtoto aking'atwa, fanya hivi

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kopo na mwingine aoshe. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kipande ya kufulia. Fanya hivyo hata kama ni mkwaruzo mdogo.

2. Usipake kitu kingine. Majani ya tumbaku, pilipili, mafuta ya taa, grisi na udongo havitibu. Hata asali yetu ya Tabora, pamoja na sifa zake zote, haiui virusi hivi.

3. Nenda kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati huwa na chanjo hii, kwa hiyo uliza uelekezwe kituo cha afya au hospitali iliyo nayo. Uliza pia gharama ili familia ijipange mapema. Kama siku zimepita tangu mtoto ang'atwe, nenda pia.

4. Maliza dozi zote. Chanjo hutolewa kwa tarehe utakazopangiwa, na dozi ya kwanza peke yake haitoshi. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mama anayenyonyesha wote wanaruhusiwa kuchanjwa.

5. Usikimbilie kumuua mbwa. Kama anaweza kufungwa kwa usalama, mwarifu afisa mifugo wa kata ili aangaliwe kwa siku 10. Chanjo ya mtoto ianze bila kusubiri siku hizo ziishe.

Usimchape mtoto anayeripoti

Watoto wengine huficha jeraha kwa sababu walimchokoza mbwa, au walipita mahali walikokatazwa. Wanaogopa fimbo. Mwambie mwanao mapema kwamba aking'atwa au akikwaruzwa, aje aseme, na hataadhibiwa. Wakati wa kumwogesha, mwangalie miguu, mikono na kichwa. Alama ndogo ya jino isiyosemwa inaweza kugharimu maisha.

Mfundishe pia haya:
- Asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.
- Mbwa asiyemjua akimsogelea, asikimbie. Asimame tuli kama mti bila kumtazama machoni.
- Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Mtambue mbwa mgonjwa

Mbwa mpole akianza kung'ata ovyo, au mkali akawa mnyonge ghafla, mtilie shaka. Dalili nyingine ni udenda mwingi, taya kulegea, sauti kubadilika na miguu kupooza. Usimtie mkono mdomoni kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Waondoe watoto, kisha toa taarifa.

Magonjwa mengine

Mbwa anaweza pia kuleta minyoo, kupe na viroboto. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo. Zika kinyesi chake, na usimtupie matumbo mabichi ya mifugo, kwa sababu humwambukiza tegu anayeweza kusababisha uvimbe kwenye ini au mapafu ya binadamu. Watoto wavae viatu na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Familia ambazo kwa imani zao hazigusani na mate ya mbwa nazo zinaweza kumfuga salama: banda lake liwe nje, chombo chake kiwe cha peke yake, na achanjwe kama mbwa mwingine yeyote.

Chanjo ya mbwa ni kinga ya mtoto

Mchanje mbwa wako kila mwaka, na watoto wake pia. Jamii ikichanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi hufanya kampeni za chanjo karibu na siku hiyo. Usiisubiri kama mbwa wako hajachanjwa. Muulize afisa mifugo wiki hii, na ihifadhi kadi ya chanjo ya mbwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.