Banda la Mfinyanzi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini historia ya vyombo vya udongo yatufundisha kuwa chema nacho huhitaji mahali pa kusimama.

Tuitazame minada ya Mbulu na Hanang, kama ule wa Katesh chini ya Mlima Hanang. Huko bidhaa hutandazwa chini. Anunuaye chungu mnadani hukiinua, hukigonga kwa kidole na kuusikiliza mlio wake. Kwani ufa unaojificha machoni haujifichi masikioni. Mpango huo huonyesha uzima wa chungu, ila hautangazi thamani yake. Mbele ya sufuria na ndoo za plastiki, mfinyanzi hubaki akishindana kwa bei tu.

Kwingineko udongo ulipewa heshima na mahali ulipowekwa. Katika majumba ya mawe ya Lamu, karne ya 18, kuta za ndani zilijengewa zidaka, na humo yakapangwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Hayakuwekwa yauzwe, yalitangaza hadhi ya nyumba. Katika karne hiyo hiyo Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo huko Uingereza, aliifanya hekima kama hiyo kuwa biashara. Mwaka 1774 alionyesha katika jumba lake la Greek Street, London, vyombo zaidi ya 900 vilivyoagizwa na Catherine wa Pili, malkia wa Urusi. Watu waliingia kwa tikiti kutazama vitu ambavyo vilikwisha kupata mwenyewe. Kilichouzwa siku zile kilikuwa sifa ya kiwanda.

Je, udongo wa Mbulu una sifa ya kuonyeshwa? Unayo. Luxmanda, katika nyanda za juu za Mbulu upande wa Babati, watafiti wamefukua vigae vya vyungu vya wafugaji walioishi huko yapata miaka 3,000 iliyopita.

Basi atakayechora banda la wafinyanzi wa Manyara katika maonyesho ya Nanenane asiige kidaka peke yake. Chungu kilichozungushiwa kamba hugeuka pambo. Na atandike mkeka, mgeni ainame agonge. Aweke mafiga matatu, chungu kikitokota. Na ukutani iwepo picha ya vigae vya Luxmanda. Mnada utoe uthibitisho, kidaka kitoe heshima. Pasipo uthibitisho mnunuzi hatasadiki. Pasipo heshima hatalipa bei itakayomvuta mtoto wa mfinyanzi kujifunza kazi ya mzazi wake.